Mwenye Maziwa Hatupi Malai

14 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umesimama, maana kila nikikuwaza sikumbuki siku niliyokuona umekaa. Mimi ni mzima. Chumba changu kipya kina dirisha, tena linafunguka, na mwenye nyumba ameacha kunigongea mlango kuuliza kama napika dawa humo ndani. Mdogo wangu aliniambia amehamia kwako mpaka mumewe arudi kutoka kazi yake ya mbali. Nimefurahi. Asikuzoee vibaya, na wewe usimdekeze kama ulivyotudekeza tulipokuwa wadogo, ukasema ni malezi.

Usiulize kwa nini sikupiga simu. Wewe ndiye uliyesema simu ni ya misiba na ya kuuliza "uko wapi".

Sasa shida yangu. Kile kisanduku nilichokuwa nakisimulia kimekamilika. Tumekiita Jicho. Ndani yake kuna unga wa chuma na maji ya dhahabu. Usicheke! Dhahabu ukiivunja mpaka chembe yake iwe ndogo kuliko bakteria mara hamsini, haibaki njano, inakuwa nyekundu. Chembe za chuma nazo tumezivisha kitu kinachomtambua bakteria mmoja tu, anaitwa listeria. Zikimkuta zinamng'ang'ania. Naweka sumaku ubavuni mwa chupa, chuma kinavutwa pamoja na mfungwa wake, nasuuza, halafu natia maji ya dhahabu. Kama listeria yupo, dhahabu inamzonga, na chembe zake zikisongamana ile nyekundu inageuka zambarau. Jicho linapitisha mwanga katikati na kuiona rangi ikianza kugeuka kabla mimi na wewe hatujaiona. Taa nyekundu ikiwaka, hayupo. Ikiwaka zambarau, yupo. Saa moja tu, badala ya kuotesha kwenye sahani siku tatu nne.

Nimemchagua listeria kwa sababu ni mjanja. Wenzake wakiwekwa kwenye friji wanalala, yeye ndiko anakozaliana. Mtu mwenye afya atahara apone. Mzee au mgonjwa anaweza kufa, na mjamzito anaweza kupoteza mtoto.

Maabara wamenipa hadi mwisho wa Juni nionyeshe kwamba Jicho linafanya kazi kwenye kiwanda cha kweli, na maziwa ya kweli. Mimi kiwanda nakijua kimoja tu. Unaweza kuniombea kwa meneja?

Mpwa wako


2 Februari

Mpwa wangu, Profesa wa Dhahabu,

Marahaba sana. Barua imefika kona moja imelowa, nikaianika kama shati. Mimi mzima. Magoti yanalalamika lakini hayajagoma. Mdogo wako yupo, anakula kama analipwa mshahara, na kwa kuwa naona hakukwambia, nakwambia mimi: ana mimba ya miezi mitatu. Alitaka kukupigia, nikamwambia habari kubwa haipigiwi simu. Akaninunia siku nzima, jioni akasahau kwamba amenuna.

Kuhusu hilo Jicho. Miaka thelathini na moja nimesimama kwenye mlango wa mapokezi. Kopo linafunguliwa, nainama, navuta pumzi moja, basi. Niliwahi kumwambia mfugaji kwamba ng'ombe wake amekula vitunguu vya jirani, na huyo jirani alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nusura wapigane. Jina la Pua sikujipa mwenyewe, nilipewa na wenye kujua. Leo unaniambia unga wa dhahabu utanishinda?

Siku hizi hata hivyo namfundisha binti wa mapokezi. Ananusa yeye kwanza, mimi nafuata. Vijana lazima warithi kazi. Ana uso usioficha siri: maziwa yakiwa na kasoro hata chembe, pua yake inakunjamana kabla hajasema neno.

Meneja amekubali, mradi Jicho lisile umeme. Lilete. Mgeni njoo mwenyeji apone, ingawa mwenyeji haumwi.

Ila umesema una hadi mwisho wa Juni. Na Julai je? Mtu akinitajia mwisho wa kitu, mimi huuliza kinachofuata.

Mjomba wako


20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama ukumbini, nikapiga kelele mpaka msimamizi wangu akatoka kuuliza kimeungua nini. Miezi mitatu! Na yule mnafiki juzi tu alinipigia akaongea habari za mapazia. Mwambie nimemsamehe kwa sharti kwamba nikija nitamshika mtoto kabla ya mtu mwingine yeyote. Maziwa yenu yanachemshwa hapo hapo kiwandani, kwa hiyo ayanywe, sina wasiwasi naye.

Jicho liko ndani ya kifurushi hiki, nimelizungushia sweta langu. Sweta ni lako.

Fanya hivi. Chota jagi moja kutoka kwenye tangi la mwisho, kabla maziwa hayajafungashwa. Liweke kwenye friji usiku kucha. Asubuhi malai, ule mtandazo wa mafuta, yatakuwa yamepanda juu. Yaengue yote kwa kijiko uyatupe, kwa sababu mafuta yanatawanya mwanga na Jicho linakuwa kipofu. Pima yale maziwa mepesi ya chini. Tia chuma, weka sumaku, suuza mara moja, tia dhahabu, subiri taa. Hapa nimejaribu mara arobaini: nimeengua malai, nimeyatia maziwa mepesi listeria kwa mkono wangu, na mara zote arobaini Jicho limemkamata.

Umeuliza habari za Julai. Julai ni mwezi kama miezi mingine.

Ukijibu, niandikie harufu ya asubuhi kiwandani, kama ulivyokuwa ukiniandikia nikiwa shule ya bweni. Nilikuwa nazisoma zile barua naziweka chini ya mto. Nimezikumbuka.

Mpwa wako


17 Machi

Profesa,

Marahaba. Sweta linanibana mabegani lakini nalivaa. Mdogo wako mzima, tumbo limeanza kutangulia mlangoni.

Jicho tumelipa meza yake, karibu na mizani. Siku ya kwanza taa ilipowaka nyekundu wafanyakazi wawili walitoka mbio wakidhani kuna hatari. Ilibidi nisimame juu ya kreti niwaeleze kwamba kwa huyu mgeni nyekundu ndiyo salama. Nani kawafundisha ninyi rangi?

Tumepima majagi kumi na manane. Yote mekundu. Meneja anatembea kifua mbele, amebandika karatasi ukutani kwamba maziwa yetu yamepita mtihani wa dhahabu. Binti wa mapokezi amejifunza kulitumia kuliko mimi.

Jambo moja nimekukaidi. Eti nitupe malai! Mwenye maziwa hatupi malai, mwanangu, hilo nilifundishwa kabla sijaota ndevu. Kila asubuhi nikishayaengua nayatia kwenye kikombe chenye kifuniko, nampelekea mdogo wako anapaka kwenye mkate. Amenawiri kweli kweli. Kwa hiyo sayansi yako inalisha watu hata kabla haijafanya kazi.

Umeuliza harufu ya asubuhi. Kunanukia maziwa. Kazi ni nyingi, nitakuandikia siku nyingine.

Na hiyo Julai uliyonijibu, hukunijibu.

Mjomba wako


9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Kumi na nane kwa kumi na nane! Nimewaonyesha wenzangu barua yako, wamecheka kwa habari ya kreti. Msimamizi wangu hakucheka. Ameniuliza, "Jicho ambalo halijawahi kuona kitu, utajuaje kama halijafumba?" Nikamwambia nina mjomba mwenye pua, kungekuwa na kitu angekisikia. Niambie basi, kuna kopo hata moja umelikataa mwezi huu?

Msalimie mwenye tumbo.

Mpwa wako


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hujanijibu. Dereva wa lori lenu la ubaridi amekutana na mwenzangu mmoja, akamwambia milango ya kiwanda imefungwa na kuna watu wanaumwa. Nimempigia mdogo wangu mara nne. Mara ya nne akapokea, sauti yake ndogo, akasema, "Niko hai, dada. Mjomba kaniapisha. Amesema atakuandikia mwenyewe." Kisha akakata.

Nimekasirika na naogopa, vyote pamoja. Andika chochote. Ukiandika mstari mmoja tu nitashukuru.

Mpwa wako


11 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mdogo wako ni mzima. Mtoto tumboni ni mzima. Nimeanza na hilo ili usome yaliyobaki bila kutetemeka.

Mwanzoni mwa Aprili watu walianza kuugua. Mama wa dereva, mlinzi, mtoto wa fundi, mpaka wakafika tisa. Homa, tumbo, kichwa. Wote wanakunywa maziwa yetu. Hakuna aliyefariki, na nashukuru kila nikiamka. Wakaguzi wakaja wakafunga milango. Meneja akaibandua ile karatasi yake ukutani akaichana, akaniambia nitoe hilo dude la mpwa wangu lililomsifu mwizi. Nikalibeba nyumbani kwenye sweta lake.

Sasa nikwambie la pili, ambalo sijamwambia mtu. Mimi sina pua. Mafua ya mwaka jana yaliondoka nayo. Niliamka asubuhi moja vitunguu vinaungua jikoni, naona moshi, sisikii harufu. Nikasema kesho itarudi. Mwaka mzima nimeinama kwenye makopo navuta hewa tupu, namtazama yule binti usoni. Akikunja pua, nakataa kopo. Asipokunja, nasema "pitisha". Nilikuambia namfundisha, kumbe ndiye aliyekuwa ananiongoza njia. Ndiyo maana sikukuandikia harufu ya asubuhi. Ningeandika nini?

Watu tisa walipoanguka nilijua ni mimi. Sikuweza kushika kalamu.

Jumatano moja mchana nilikuwa nimekaa jikoni nimeshika tama. Ndiyo, nimekaa. Mdogo wako akaniambia ana homa kidogo na mgongo unamuuma, akachukua mkate na kile kikombe cha malai ya mwisho, ambayo hakuna aliyeyashuku, kutoka kwenye friji. Nikamtazama anavyofungua kifuniko. Miaka thelathini na moja nimeona maziwa yakiharibika, na siku zote malai ndiyo yanayotangulia. Kila mtu wa maziwa anajua. Uchafu hupanda na mafuta. Nikajiuliza: huyu Profesa ameniambia nimtafute mwizi chumbani baada ya kumfungulia dirisha?

Nikamnyang'anya kikombe. Nikachukua vile vichupa vyako vilivyobaki, nikatia malai na maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, nikatia chuma, nikaweka sumaku. Wewe uliandika suuza mara moja. Mafuta yalikuwa yamejaa, mara moja haikufua dafu. Nikafanya kama nilivyofundishwa kuosha siagi: maji, tikisa, mwaga, maji tena, mpaka yanayotoka yawe maangavu. Mara tatu. Sumaku ikashikilia mzigo wake haukuondoka. Nikatia dhahabu. Tukakaa tunalitazama Jicho, mimi na mdogo wako.

Zambarau.

Nilimpeleka hospitali vile vile alivyo, na ndala, na Jicho kwapani. Daktari alikuwa mama mmoja mwenye haraka.

"Mzee, hiyo redio iache nje."

"Si redio. Imeona listeria kwenye chakula cha huyu mtoto. Ana mimba ya miezi sita."

"Ana homa ndogo tu, mzee."

"Mtoe damu, mpime. Na dawa usingoje majibu."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mtu wa maziwa. Nakaa hapa kwenye benchi, na sijawahi kukaa kwenye maisha yangu, kwa hiyo jua kwamba ni zito."

Akanitazama. Akalitazama Jicho, akasoma karatasi yako iliyobandikwa ubavuni. Kisha akaita muuguzi. Dawa ilianza kuingia mshipani kabla ya saa kumi. Baada ya siku tatu majibu ya damu yalitoka, na daktari aliyaleta mwenyewe mpaka kwenye benchi. Ilikuwa listeria. Akasema, "Tungengoja homa ipande, tungekuwa tunaongea mengine." Akaomba kuliona tena Jicho.

Mwanangu, mimi ndiye niliyempelekea yale malai, kijiko kwa kijiko, kila asubuhi, nikijiona hodari. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kidogo kiniumbue kwa mtoto wa watu. Nisamehe.

Mjomba wako


19 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo mara tatu, kama unavyoosha siagi.

Nimelia kwanza. Kisha nimeingia maabara sikutoka siku mbili. Sikiliza.

Listeria hana harufu. Hachachushi maziwa, hayabadilishi rangi wala ladha. Ungekuwa na pua yako ya ujana, ile ya vitunguu vya jirani, usingemsikia. Binti wa mapokezi angenusa kutwa nzima asikunje uso. Wale watu tisa hawakuangushwa na pua yako. Soma mstari huu tena kabla hujaendelea.

Kosa ni langu, na ni la kijinga. Mimi nilikuwa naengua malai kwanza, ndipo natia listeria. Bila shaka nilimkuta kila mara, nilikuwa nimemweka mwenyewe! Juzi nikageuza: nikamtia kwenye maziwa mazima, nikayaacha kwenye baridi mpaka malai yakapanda, nikapima juu na chini. Katika kila bakteria kumi, tisa walikuwa kwenye malai. Tisa, Mjomba. Nilikuagiza utupe ushahidi, na nashukuru kwamba hutupi malai, ingawa najua yalikokuwa yanakwenda. Nimemlisha mdogo wangu hatari kwa barua. Tusameheane, halafu tufanye kazi.

Kuhusu kuosha mara tatu: tulikuwa na watu wanne wenye shahada, tumehangaika miezi mitano na mafuta, na hakuna aliyewahi kuosha siagi. Kwa njia yako Jicho linaona vizuri kuliko lilivyoona kwenye maji matupu.

Sasa Julai, kwa kuwa umesema ukweli nami niseme. Mwisho wa Juni nikiwa sina jibu, mradi unafungwa na meza yangu anapewa mtu mwingine. Sikutaka ubebe na hilo.

Maziwa yenu yanachemshwa, na kuchemsha kunamuua. Kwa hiyo anaingia baada ya hapo, mahali fulani kati ya mtambo wa kuchemsha na paketi. Waombe wakaguzi waruhusu mtambo uzunguke mara moja, maziwa yakamwagwe baadaye. Chota jagi kila penye kiungo. Pima malai tu. Zinapoanza zambarau, hapo ndipo anapoishi. Vichupa vipya mia moja viko kwenye kifurushi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Mjomba.

Mpwa wako


8 Juni

Profesa wangu,

Marahaba! Kaa chini. Au simama, unavyotaka, mimi leo siwezi kutulia.

Kwanza nilikwenda kwa meneja nikamwambia habari ya pua. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Mzee, na mimi sisikii vizuri sikio la kushoto, kwenye mikutano naitikia tu." Kisha akawapigia wakaguzi. Nadhani aliona mtu asiyeficha aibu yake hawezi kuficha bakteria.

Wakaguzi wawili walikuja, mmoja na miwani, hajui kutabasamu. Tuliuzungusha mtambo. Kuna viungo kumi na kimoja toka mtambo wa kuchemsha mpaka mashine ya paketi. Binti wa mapokezi akachota majagi kumi na moja, akayaandika namba. Kesho yake asubuhi malai yamepanda, tukayaengua kwa vijiko kumi na kimoja tofauti. Mwenye miwani alitaka kuyatupa, nikamshika mkono.

La kwanza, nyekundu. La pili, nyekundu. Mpaka la sita, nyekundu. Fundi mitambo amejiegemeza ukutani anaomba kimoyomoyo lakini tunamsikia. La saba.

Zambarau. La nane, zambarau. Mpaka la kumi na moja, safu nzima!

Fundi alikuwa ameshafika kwenye kiungo cha saba kabla binti hajamaliza kuandika. Ni pale bomba linapotoka kwenye tangi la baridi. Akafungua nati, akatoa gasketi, pete ya mpira ndogo kuliko bangili. Kwa nje nzima. Akaikunja kwa vidole, ikafunguka ufa upande wa ndani, na ndani ya ufa kuna utelezi. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwenye kiungo hicho nimeegemeza mkono wangu kila siku nikinywa chai.

Wakaguzi waliichukua wakaioteshe kwa njia yao. Siku ya nne mwenye miwani akapiga simu kwa meneja: listeria, yule yule wa kwenye damu ya wagonjwa. Hapo ndipo niliposikia kwamba anajua kucheka.

Gasketi zote kumi na moja zimebadilishwa, mabomba yameoshwa, tumepima mara ishirini, malai mekundu matupu. Namaanisha taa, si malai. Jumatatu tunafungua. Wagonjwa tisa wote wako kwao, mama wa dereva ameanza tena kugombana na majirani, ndipo tukajua kweli amepona.

Mdogo wako anapimwa kila wiki. Daktari anasema mtoto anacheza mpira.

Wakaguzi wameirudisha gasketi, nami nimekutumia, ikiwa na ufa wake, imechemshwa na kufungwa kwenye plastiki mara nne, pamoja na karatasi ya binti. Wawekee mezani hao wa Juni.

Mjomba wako


1 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Leo ni Julai na bado nina meza!

Walikuwa saba upande wa pili, na mikono wameikunja. Nilionyesha michoro yangu, wakapiga miayo kwa adabu. Nikaweka gasketi yako mezani. Nikawaonyesha ile karatasi ya binti wa mapokezi uliyoitia kwenye kifurushi, majagi kumi na moja kwa mwandiko wake, sita mekundu na matano zambarau. Hakuna aliyepiga mwayo tena. Mkubwa wao akauliza, "Wazo la kupima malai, na kuosha mara tatu, limetoka kitabu gani?" Nikamwambia halikutoka kitabuni, limetoka kwa mjomba wangu aliyekataa kutii maagizo yangu.

Wamecheka, kisha wametupa miaka mitatu mingine na Majicho ishirini kwa viwanda ishirini. Andiko letu linachapishwa. Jina lako ni la pili, mara baada ya langu. Msimamizi aliuliza niandike una cheo gani. Nimeandika: mtu wa maziwa.

Nakuja mwezi ujao. Mwambie yule wa tumboni asubiri.

Mpwa wako


3 Agosti

Mpwa wangu, mtu wa Julai,

Marahaba. Hakusubiri. Ni wa kike, amezaliwa juzi alfajiri, kilo tatu na robo, mapafu ya mpiga mbiu. Baba yake amefika jana na mabegi yote, analia kuliko mtoto. Ile ahadi ya kumshika wa kwanza umeikosa, daktari mwenye haraka alikutangulia. Alikuja siku yake ya mapumziko.

Kiwandani wamenipa kazi mpya. Nazunguka kwenye vituo vya maziwa nafundisha watu kuengua malai na kuyaosha. Mapokezi ameachiwa binti, anashika mlango na pua yake, na Jicho liko mkono wake wa kulia. Kopo linapitia kwa wote wawili. Wafugaji wameshampa jina, lakini atakwambia mwenyewe.

Nilipoingia wodini wanawake wote walikuwa wamemwinamia mtoto, wanamnusa utosini, wanafumba macho. Wakanipa. Nikainama kama nilivyoinamia makopo miaka yote, nikavuta pumzi. Sikusikia kitu. Nikavuta tena, yote niliyokuwa nayo.

Mdogo wako akaniuliza, "Ananukiaje, Mjomba?"

Swali hilo mwaka mzima nililijibu kwa uongo, na ulimi wangu ulikuwa umeshazoea. Nikamwambia, "Sisikii, mwanangu. Niambie wewe."

Akamchukua, akamnusa kwa muda mrefu, akanirudishia.

"Maziwa, Mjomba," akasema. "Maziwa safi."

Nikasema, "Pitisha."

Mjomba wako,
Pua, mstaafu